Jezi Haina Mnunuzi wa Pili

Jezi iliyoandikwa jina la timu yako haina mnunuzi mwingine duniani. Ukinunua shati sokoni likakubana, jirani atalivaa. Ukinunua mpira ukapoteza hamu ya kucheza, utauuza kabla jua halijazama. Lakini jezi ya kijani yenye mikono ya njano, namba 7 mgongoni, jina la kijana juu ya namba na jina la mtaa kifuani, hiyo imezaliwa na mwenyewe. Fundi akikosana nawe hana pa kuipeleka, labda aikate matambara ya kufutia cherehani. Na wewe ukikosana na fundi huna pa kuipata, maana kitambaa kimekatwa kwa vipimo vyenu na pesa imekwisha kumwingia mkononi.

Ugomvi mwingi wa vifaa vya michezo vilivyochelewa huanza pale upande mmoja unaposahau jambo hilo. Mteja hudhani ni yeye tu aliyeshikwa. Fundi hudhani ni yeye tu aliyeshika. Wazee waliotutangulia kando ya Ziwa Tanganyika waliagiza vitu vya namna hii miaka yote: mtumbwi wa urefu fulani, kasia la kimo cha mtu fulani, ngoma ya shughuli fulani. Hawakuwa na duka la kurudishia bidhaa. Walikuwa na namna yao ya kungoja, na namna hiyo haikuwa kukaa kimya.

Timu moja ya vijana wa Kataki, hapa Kalemie, iliamua kuachana na jezi za mitumba, zile ambazo mmoja huvaa ya Chelsea, wa pili ya Brazil, wa tatu ya klabu ambayo hata jina lake hawezi kulitamka, na mwamuzi anabaki kukisia nani anacheza na nani. Wakachanga. Madereva wa pikipiki walitoa, wavuvi wakatoa, na kina mama wauza ndagala wakatoa huku wakinung'unika kwamba mpira haujawahi kumlisha mtu, kisha wakaongeza kidogo. Pesa ikahesabiwa, dola kwa dola na faranga kwa faranga, ikakabidhiwa kwa mfanyabiashara mmoja wa mtaani anayevuka ziwa mara kwa mara kwenda Kigoma. Alikabidhiwa yote. Akaahidi jezi zitafika kabla ya mashindano ya vakansi.

Mashindano yakafika, jezi hazikufika. Kapteni akapiga simu. "Wiki ijayo, mdogo wangu." Akapiga tena. "Wiki ijayo, boti imekosa mafuta." Baadaye simu ikawa inaita bila kupokelewa, na baadaye haikuita kabisa. Jioni moja kapteni akaenda nyumbani kwa mtu yule, akamkuta mke wake uani anapepeta mchele.

"Hodi, Mama."

"Karibu, mwanangu."

"Papa yuko?"

"Papa ametoka."

"Atarudi saa ngapi?"

"Akirudi, atarudi."

Kando ya mlango kulikuwa na viatu vya kiume, bado vinachuruzika maji. Kijana aliviona, mama akaona kwamba kijana ameviona, na hakuna aliyesema neno. Kapteni akaaga kwa adabu akaenda zake. Mimi namsifu kwa adabu hiyo kuliko kwa bao lolote alilofunga.

Wenzake hawakuwa na subira hiyo. Mmoja alitaka wakaikamate pikipiki ya yule bwana. Mwingine alitaka kesi ifike polisi. (Aliyewahi kufuatilia deni dogo kwa njia hiyo anajua: nauli za kwenda na kurudi, makaratasi, na soda za hapa na pale humaliza kile chenyewe kinachodaiwa.) Mwishowe wakashawishiwa wakamwone kwanza mzee mmoja wa Kituku, aliyekuwa fundi wa mitumbwi mpaka mgongo ulipomkatalia. Nilikuwepo kikaoni.

Mzee aliwasikiliza mpaka wakachoka kusema. Kisha akauliza:

"Mlimlipa yote?"

"Yote, Papa."

"Kabla hajaanza?"

"Kabla hajaanza."

"Basi hata haraka yenu mmemwuzia."

Vijana wakacheka, lakini yeye hakucheka. Akawaeleza jinsi alivyokuwa akilipwa enzi zake. Mti ulipolala chini, mteja alikuja akauona, akalipa sehemu. Mtumbwi ulipoonyesha tumbo, alikuja akaupapasa, akalipa tena. Ulipowekwa majini ukaelea bila kuvuja, akamaliza. Kama mti haukuangushwa, mteja hakuwa amepoteza kitu ila safari ya kuja kumtembelea. Na fundi naye, kila aliposhika shoka, alijua kwamba sehemu ya chakula cha watoto wake bado imo mfukoni mwa mwenzake. Alikuwa na sababu ya kuamka mapema.

Halafu akauliza swali ambalo ndilo lililonifanya niandike makala hii. "Jezi zenu, sasa hivi tunavyozungumza, ziko wapi?"

Wakatazamana. Mmoja akasema Kigoma. Mwingine akasema alisikia ziko Dar es Salaam. Wa tatu akasema labda ziko ziwani. Kumbe muda wote ule walikuwa wameuliza "lini" na hawajawahi kuuliza "wapi".

Mzee alikuwa na hoja nzito hapo. Swali la "lini" hujibiwa kwa mdomo, na mdomo hauchoki. Tarehe ni kitu chepesi, mtu huitoa hewani bila kugusa cherehani wala kitambaa. Ikipita, hutoa nyingine. Swali la "wapi" linahitaji mahali, na mahali panafikika. Ukiniambia kitambaa kiko kwa fundi fulani mtaa fulani wa Kigoma, naweza kumpigia binamu yangu aliye huko apite na kuchungulia. Ndiyo maana mwenye la kuficha hukupa tarehe kwa ukarimu na mahali kwa ubahili.

Tena tusiwaonee wafanyabiashara wetu. Anayetaka kuelewa kuchelewa kwa jezi Kalemie lazima aifuate jezi yenyewe. Kitambaa cha jezi za kisasa ni poliesta, na kwa kawaida hutoka China. Huteremshwa bandarini Dar es Salaam. Rangi na majina huchapwa kwanza kwenye karatasi, kisha karatasi hulazwa juu ya kitambaa na kukandamizwa kwa joto la nyuzi 200 hivi, hadi rangi igeuke mvuke na kuzama ndani ya nyuzi. Kazi hiyo inataka umeme usiokatika katikati. Ukikatika, kipande kimeharibika, maana rangi iliyozama haifutiki. Baada ya hapo kuna zaidi ya kilomita 1,200 za kuvuka Tanzania hadi Kigoma, halafu ziwa, kama kilomita 130 za maji mpaka hapa kwetu. Ziwa hili lina kina kinachofika mita 1,470, na wakati wa kiangazi, pepo za kusini zinapoamka, nahodha mwenye akili hubaki ufukweni hata kama abiria wanamtukana. Mwaka 2024 maji yalipanda yakaingia majumbani mwa watu, na bandari ikapata taabu yake. Mzigo ukifika salama, kuna forodha ya DGDA na ukaguzi wa OCC. Katika safari hiyo yote mtu anaweza kuchelewa bila kumwibia yeyote hata senti.

Kwa hiyo kuna kuchelewa kwa njia na kuna kuchelewa kwa mkono. Wazee walivitofautisha, na ndiyo sababu methali zao zinaonekana kugombana kwa mtu asiyezisikiliza vizuri. "Subira huvuta heri," wanakuambia, halafu hao hao wanageuka: "Ngoja ngoja huumiza matumbo." Wanasema "Kawia ufike", kisha wanakutisha kwamba ukichelewa chelewa utamkuta mwana si wako. Kijana huona babu zake walikuwa vigeugeu. Hapana. "Kawia ufike" huambiwa msafiri, mtu aliyekwisha kuondoka na yuko njiani. Aliyejifungia chumbani na viatu vyake vimelowa mlangoni hana haki ya kujikinga na methali hiyo. Na subira inayovuta heri ni ya mtu anayejua anangoja nini na kiko wapi. Asiyejua hasubiri, ametelekezwa tu. Tukimwambia huyo avumilie tunamwongezea dhuluma. Nasikitika kusema kwamba hata viongozi wetu wa mitaa, kwa kupenda amani, hufanya hivyo sana.

Kuchelewa kwa mkono kuna mfano uliotikisa Afrika Mashariki nzima. Mwaka 2016 wanariadha wa Kenya walikwenda Michezo ya Olimpiki ya Rio de Janeiro wakarudi na medali 13, sita kati yake za dhahabu. Lakini wakiwa huko huko walilalamika kwamba sare zao haziwafikii kama ilivyostahili. Sare zilikuwepo. Zilitolewa na kampuni ya Nike, na zilikuwa zimekwisha kuvuka bahari. Mwezi wa Agosti mwaka huo serikali ikaivunja kamati ya taifa ya Olimpiki, polisi wakakamata maafisa, na shehena ya sare ikakutwa nyumbani kwa afisa mmoja. Kule hapakuwa na dhoruba ziwani wala umeme uliokatika. Mzigo ulifika salama, ukakwama katika hatua ya mwisho, ile fupi kuliko zote, kati ya mkono wa kiongozi na mgongo wa mchezaji. Mwanariadha aliyeuliza "lini" angeambiwa "kesho". Aliyeuliza "wapi" ndiye aliyewafanya watu wafungue milango ya nyumba.

Kufuata mzigo si jambo geni hapa Kalemie. Katika Vita Vikuu vya Kwanza, mji huu ulipokuwa kituo kidogo karibu na mahali mto Lukuga unapotoka ziwani, Wabelgiji walikuwa na meli yao waliyoiagiza, Baron Dhanis, imeletwa ikiwa vipandevipande. Vipande vikakaa. Meli za Wajerumani ndizo zilizotawala maji, na hakuna aliyethubutu kuunganisha chombo mbele ya mizinga yao. Wakati meli hiyo inangoja, Waingereza waliondoka London mwezi Juni 1915 na boti mbili ndogo za injini, Mimi na Toutou, chini ya ofisa aliyeitwa Geoffrey Spicer-Simson. Zilikwenda kwa meli hadi Cape Town, kwa treni hadi Fungurume, zikavutwa kwa matrekta ya mvuke, kwa ng'ombe na kwa mikono ya watu kupita milima ya Mitumba, zikapanda treni tena hadi Bukama, zikateremka na mto Lualaba hadi Kabalo, na kutoka hapo zikaletwa kwa reli mpya mpaka hapa ziwani mwishoni mwa Oktoba. Tarehe 26 Desemba mwaka huo huo zikaiteka meli ya Kijerumani, Kingani.

Vita vile havikuwa vyetu, na majina ya babu zetu waliokata miti na kuvuta kamba hakuna aliyeyaandika kwa wino mzuri. Lakini katika safari ile ndefu hapakuwa na siku ambayo wenye mzigo hawakujua mzigo wao uko wapi, kwa sababu walikuwa wanatembea nao. Baron Dhanis nayo ilikuja kuundwa baadaye, ikavusha watu na bidhaa kati yetu na Kigoma.

Mzee wa Kituku hakuwataja Waingereza. Yeye alisema tu: "Kesho wawili wenu waende na huyo mfanyabiashara."

Lakini kabla ya hapo alitaka daftari. Hapakuwa na daftari. Pesa ilihesabiwa mbele ya mashahidi, ndiyo, lakini kuhusu jezi zenyewe kila mmoja alikuwa na kumbukumbu yake. Kapteni alisema kijani ya majani ya muhogo. Kipa alisema kijani ya chupa ya bia. Bukta zilikuwa nyeusi au nyeupe? Soksi zimo au hazimo? Nauli ya boti ni ya nani? Wanasema mali bila daftari hupotea bila habari, na wanaodhani kuandika ni tabia ya kigeni wakumbuke kwamba Waluba, ambao nchi yao imeingia sana katika mkoa huu wa Tanganyika, walikuwa na lukasa: ubao wa kushikwa mkononi, umepigiliwa shanga na simbi, ambao watu wa chama cha Mbudye waliusoma kwa kuupitisha kidole juu yake. Humo zilihifadhiwa habari za wafalme, za koo, za safari na za mahali patakatifu. Hawakuiachia kumbukumbu ya mambo mazito ielee kichwani mwa mtu mmoja ambaye kesho anaweza kufa au kubadilisha maneno. Walikipa kidole mahali pa kupita.

Timu ya mpira haihitaji shanga. Inahitaji karatasi mbili zinazofanana, moja kwa kila upande. Katika karatasi hiyo kibandikwe kipande cha kitambaa cha rangi inayotakiwa, si jina la rangi, maana kijani ni nyingi. Yaandikwe majina ya wachezaji kama wao wenyewe wanavyoyaandika. Hilo linaonekana dogo mpaka uione timu yenye Mukalay ambaye mgongoni ameandikwa Mukalai, na Mwamba aliyegeuzwa Muamba; fundi wa Tanzania huandika anavyosikia kwenye simu, na huwezi kumlaumu. Kila jina liwe na kipimo chake, kwa sababu beki wa kati mwenye mabega ya mbeba mizigo hatavaa kile kinachomtosha winga. Kipa awe na rangi yake tofauti, kwa maana sheria za mpira zinataka kipa atofautiane na wengine wote pamoja na waamuzi, na wengi hukumbuka hilo jezi zikiwa zimekwisha kushonwa. Na iandikwe malipo yatatoka katika hatua zipi: kitambaa kikionekana, jezi ya mfano ikivaliwa na mtu mmoja na kupigwa picha, mzigo ukiteremshwa Kalemie.

Ile jezi ya mfano ina thamani kuliko inavyodhaniwa. Fundi akishashona moja, amejitia kazini. Kitambaa kimefunguliwa, rangi imekubaliwa, mkono umezoea. Fundi ambaye hajashona hata moja anaweza kukuacha wakati wowote akachukua kazi ya harusi inayolipa zaidi, na kwa kweli hufanya hivyo. Binadamu huvutwa na kazi iliyo mezani.

Wakati mzigo uko njiani, timu ivae nini? Vijana wa Kataki waliona aibu kuazima. Walisema cha kuazima hakisitiri matako, methali ambayo wazee wetu waliitoa bila haya, na ambayo ina kweli yake mahali pengine. Kwenye mpira si sana. Tarehe 10 Juni 1978, kwenye Kombe la Dunia nchini Argentina, Ufaransa na Hungaria zilifika uwanjani Mar del Plata zote mbili na jezi nyeupe. Mchezo ukacheleweshwa, watu wakakimbia mjini, wakaazima jezi za klabu ya hapo iitwayo Kimberley, za mistari ya kijani na nyeupe. Ufaransa wakazivaa mbele ya dunia nzima wakashinda 3 kwa 1. Ikiwa Ufaransa waliweza kuvaa jezi ya jirani kwenye Kombe la Dunia, sioni kwa nini timu ya Kataki isiweze kuvaa ya mtaa wa Lubuye kwenye mashindano ya vakansi. Basi wakaazima, wakacheza. Na kitu cha ajabu kikatokea: hasira ikapungua. Mtu aliyevaa kitu, hata kisicho chake, hujadiliana vizuri kuliko aliye uchi.

Hapa naomba niseme jambo linaloniuma. Kalemie hii ilikuwa inafuma nguo. Kiwanda cha Filtisaf kilisokota pamba na kufuma vitambaa hapa hapa, kwa umeme uliotoka Bendera, kwenye mto Kyimbi, na kuna wazee bado wanaotembea mjini waliolea watoto kwa mshahara wake. Leo kiwanda kimenyamaza na sisi tunangoja shati livuke ziwa. Najua kwamba jezi za siku hizi si za pamba, kwa hiyo hata mashine zile zikiamka kesho hazitatoa jezi kama za TP Mazembe. Lakini mafundi cherehani wapo tele. Bukta, soksi ndefu za kukatwa, fulana za mazoezi za kupigwa namba kwa rangi: hayo yote yanawezekana bila boti. Timu ingeweza kugawa oda yake, kile kinachowezekana mjini kishonwe mjini, na ziwa libebeshwe kile kisichowezekana tu. Anayeweka tumaini lote kwenye boti moja asishangae upepo ukimtawala.

Turudi kwa mfanyabiashara. Mzee hakumwita kwa wito wa vitisho. Alimtuma mjukuu wake na salamu, akasema anaomba kuonana naye kabla ya jua kuzama, na chefu wa mtaa atakuwepo kunywa chai. Yule bwana alikuja. Nadhani alikuja kwa sababu hakuna aliyemwita mwizi. Ukimwita mtu mwizi mbele ya watu umemwondolea faida ya kuwa mwaminifu. Hana tena jina la kulinda. Na jezi zenu bado ziko mkononi mwake, msisahau.

Mzee akamwuliza lile swali lake moja. "Mwanangu, jezi za watoto ziko wapi?"

Jibu lilichukua muda, lakini lilikuja. Ziko Kigoma, kwa fundi. Zimekatwa, zimechapwa, zimeshonwa, zimo ndani ya gunia. Fundi anazizuia kwa sababu hajamaliziwa pesa yake. Na pesa haikumaliziwa kwa sababu nusu ya mchango wa vijana ilinunua madumu ya mafuta ya mawese ya kupeleka ng'ambo, biashara iliyoonekana ya haraka, na mafuta yakauzwa kwa hasara. Kwa hiyo njia ilikuwa safi muda wote. Mkono ndio uliokwama. Kila "boti imekosa mafuta" ilikuwa, kwa namna yake, karibu kweli.

Vijana walitaka kuinuka. Mzee akanyanyua kiganja, wakakaa. Wakakubaliana mbele ya chefu wa mtaa, kwa maandishi safari hii: mfanyabiashara atauza redio yake kubwa na kukopa kwa shemeji yake, atavuka na vijana wawili, pesa watakabidhi wao wenyewe kwa fundi, na nauli ya watu wote watatu ni juu yake. Hakupigwa faini zaidi ya hapo. Wengine waliona adhabu imekuwa laini mno. Mimi sioni hivyo. Kilichotakiwa ni jezi, na jezi ambayo haina mnunuzi wa pili hupatikana tu kwa mtu yule yule aliyekukosea. Ukimvunja miguu, nani atavuka?

Walivuka, wakarudi na gunia. Kijani ilikuwa ya chupa ya bia, kipa akafurahi, kapteni akanyamaza. Jina moja lilikosewa, na mwenyewe aliivaa hivyo hivyo. Yule fundi wa Kigoma, ambaye hakuna aliyekuwa amemwuliza chochote, aliwaambia vijana kwamba angeweza kuwapigia simu mapema kama angepewa namba yao. Hakupewa. Alikuwa na namba ya mtu wa kati tu.

Nanyi mafundi na wafanyabiashara mnaosoma haya, hamuombwi miujiza. Mteja aliyelipa anastahili kuambiwa kitambaa chake kiko wapi hata kama habari ni mbaya, na simu ya dakika moja ni rahisi kuliko kulowanisha viatu kwa kupita njia ya nyuma. Na timu za Kataki, Kituku na Lubuye zinazoanza kuchanga kwa ajili ya vakansi ijayo: chukueni namba ya fundi mwenyewe kabla hamjatoa faranga ya kwanza, na sehemu ya mwisho ya pesa isitoke mfukoni mpaka gunia limeteremshwa Kalemie.